Digidigi na Maji ya Kuogea

"Mliokaa, mpo?"

"Tupo!"

"Hadithi ipite?"

"Ipite, mlango wazi!"

"Na ikimwagika?"

"Tutaikinga!"

Haya, kingeni basi. Hapo kale, katika nchi ya mawe na vumbi, alikuwako Digidigi. Mdogo! Miguu kama vijiti, macho makubwa, pua ndefu isiyotulia. Aliishi na mumewe, wakapendana mno, hata mmoja akipiga chafya, mwenzake alimwambia "pona" kabla chafya haijaisha.

Mwaka mmoja mvua ikagoma. Nyasi zikakauka, majani yakakauka. Mume akasema, "Mke wangu, mimi navuka vilima nikatafute malisho. Nikiyapata nitakuja kukuchukua."

Mlangoni palikuwa na mlimau mchanga walioupanda pamoja. Mume akaunusa, akasema, "Usiuache ukafa." Akaenda zake. Digidigi akamtazama mpaka akawa nukta, mpaka nukta ikawa vumbi, mpaka vumbi likatua.

Hakurudi upesi.

Kila jioni Digidigi alisimama kando ya mlimau akaelekeza pua vilimani. Hakuna kitu. Upepo mtupu. Na kila asubuhi alioga ndani ya beseni, halafu maji yale ya kuogea akayapeleka kwenye mlimau. Alichimba kijifereji kuzunguka shina, akamimina polepole, chururu, chururu, akafunika kwa majani makavu. Ndivyo alivyofundishwa kwao. Maji ya kuogea na ya kufulia yanafaa mti, lakini yasilale, yakilala hunuka. Yasituame, yakituama huleta mbu. Yasivuke kwenda uani kwa jirani, wala yasiguse mboga inayoliwa mbichi. Na maji ya nepi na ya mafuta? Hayo yana shimo lake, mbali na kisima.

Mlimau ukaishi. Umekonda, lakini unaishi. Digidigi akiumiminia humuuliza mumewe, "Mwenzangu, leo umelala wapi?" Mti hujibu nini? Hata hivyo anauliza.

Sasa, nchi ile ilikuwa na kisima kimoja, na kisima hicho alikikalia Kiboko. Nani amtoe? Tumbo kama ghala, mdomo kama mlango wa ghala! Kila nyumba ilipewa maji kidogo, tena kwa kubembeleza. Kiboko mwenyewe alikuwa na dimbwi lake la kulala chini ya mteremko, nalo jua likaanza kulipunguza. Siku moja akipita akauona mlimau, kijani kibichi katikati ya vumbi. Roho ikamuuma.

"We Digidigi! Mti huu unakunywa nini?"

"Maji yangu ya kuogea, Bwana Mkubwa."

"Yako? Yametoka wapi?"

"Kisimani."

"Kisima cha nani?"

Digidigi akainamisha pua.

"Umeona! Maji hayo ni yangu. Yakiogewa ni yangu, yakifuliwa ni yangu. Kuanzia leo hii ndiyo sheria: maji yaliyokwisha tumika majumbani yaletwe dimbwini kwangu. Atakayemwaga hata tone uani kwake, nitamkanyaga!"

Puu! Akapiga mguu chini, nchi ikatikisika.

Basi wanyama wakabeba. Digidigi akaoga, akabeba, akaenda, akamwaga, bwaa! Akarudi na beseni tupu. Kesho yake akaoga, akabeba, akaenda, akamwaga, bwaa! Akarudi na beseni tupu. Na kila akirudi, mlimau umeinama zaidi.

Jani likaanguka. Digidigi akaliokota, akalisugua, akalinusa. Harufu ilikuwa imebaki kidogo tu, kama mtu anayeita kutoka mbali sana. Akalia. Halafu akajifuta macho, akaenda kwa Kiboko.

"Hodi, Bwana Mkubwa."

"Unataka nini, kijiti wewe?"

"Nimekuja kukwambia. Watu hawakuletei yote."

Kiboko akafumbua macho. "Nani hao?"

"Ya kuogea wanaleta. Ya kufulia wanaleta. Lakini ya nepi wanamwaga shimoni. Ya kuoshea samaki, shimoni. Ya karai la mafuta, shimoni. Wanasema hayafai."

"Hayafai? Nani kasema?"

"Ndivyo tulivyofundishwa, bwana. Tena tulifundishwa maji haya yasilale wala yasituame. Mimi ningekushauri uchukue ya kuogea tu, hayo mengine utuachie sisi."

"Niwaachie!" Kiboko akacheka mpaka tumbo likapiga mawimbi. "Kumbe ndiyo unayoyataka, mjanja wewe! Nasema yote! Ya nepi, ya samaki, ya mafuta, yote yaje! Na yatalala, na yatatuama, dimbwi ni langu!"

"Kama ulivyosema, Bwana Mkubwa."

Akainama mpaka pua ikagusa vumbi, na huko chini hakuna aliyeuona uso wake. Msidhani alisahau kisima. Dimbwi lilikuwa bondeni, kisima kiko juu. Hilo alikwisha lipima kwa macho kabla hajafungua kinywa.

Jirani yake, Mama Ngiri, alikuwa na watoto wengi, wadogo wadogo, wenye matumbo yasiyo na subira. Akaja na ndoo kichwani.

"Shoga, hata maji ya nepi hizi?"

"Hayo hasa, shoga. Usibakishe. Sheria ni sheria."

Ya nepi, bwaa! Ya samaki, bwaa! Ya mafuta, bwaa! Dimbwi likajaa mpaka pomoni. Kiboko akajitupa, chubwi! "Nani kama mimi?" akasema. Hakuna aliyebisha.

Maji yakalala. Maji yakatuama. Yakawa ya kijivu, halafu ya kijani, halafu yakaanza kutoa mapovu yenyewe. Mbu wakaja, zzzii! Inzi wakaja, vuuu! Ngozi ya Kiboko ikaanza kuwasha. Akajikuna kwenye jiwe, kwaru kwaru. Akajikuna kwenye mti, kwaru kwaru, mti ukaanguka. Na wanyama bado wanaleta: bwaa! Bwaa!

"Basi!" Kiboko akanguruma. "Msilete tena!"

Wanyama wote wakasimama na ndoo zao. Digidigi akapita mbele.

"Tusilete, Bwana Mkubwa? Sasa tumwage wapi? Tukimwaga uani tutakanyagwa."

"Sitamkanyaga mtu!"

"Na maji ni yako. Sisi ni nani tukamwage mali ya mwenyewe?"

"Si yangu!"

"Ati? Samahani, mbu wanapiga kelele, sikusikia."

"SI YANGU!" Kiboko akapaza sauti, mpaka vilima vikaitikia. "Maji ya nyumba ni ya mwenye nyumba! Oga, fua, umwagie mti wako, mimi simo! Simo kabisa!"

"Mmesikia, jamani?" Digidigi akauliza.

"Tumesikia!"

Kiboko akatoka mbio kwenda kutafuta mto, anakimbia anajikuna, anajikuna anakimbia. Nasikia mpaka leo hathubutu kutoka majini. Wanyama wakalifukia dimbwi lile kwa udongo, na kisima kikawa cha wote. Digidigi akapita nyumba kwa nyumba akiwaonyesha namna ya kuchimba vijifereji, na maji yapi ni ya mti, yapi ni ya shimo. Mama Ngiri akaotesha mgomba, watoto wake wakaoga wakitaka wasitake.

Mlimau ulichelewa. Digidigi akaoga, akabeba, akamimina, chururu, chururu. Akangoja. Kisha asubuhi moja ukachanua. Harufu ikajaa uani, ikapanda juu ya paa, ikatoka.

Jioni ile Korongo akashuka, amechoka na safari.

"Hodi hapa. Harufu hii inatoka kwako?"

"Kwangu. Karibu upumzike."

"Ajabu. Kuna mmoja ng'ambo ya vilima, umbo lake kama lako. Aliumia mguu mawe yalipoporomoka. Alipopona, njia ilikuwa imefunikwa. Kila jioni husimama, anaelekeza pua upepo unakotoka. Wenzake wanamcheka."

Digidigi akasahau kumpa mgeni maji. "Ananusa nini?"

"Nilimuuliza. Akasema bado hajakinusa."

"Utarudi huko? Umwambie..."

"Mimi naelekea kusini, mama. Huko sirudi mwaka huu."

Digidigi akautazama mlimau, akauliza, "Upepo wa leo unakwenda wapi?"

Korongo akainua bawa moja, akausikiliza.

"Vilimani," akasema.

Digidigi akaingia ndani. Alikuwa amekwisha oga asubuhi, akaoga tena. Akabeba beseni, akalipeleka taratibu asimwage hata tone. Chururu, chururu.

Hadithi yangu imeishia hapo. Ikiwa tamu laleni nayo, ikiwa chungu niachieni mimi.

Na funzo lake, wanangu? Funzo ni kwamba mkubwa akitoa amri, itiini yote. Akisema leteni, leteni, mpaka yeye mwenyewe aombe basi. Wadogo wasijifanye wajanja, haijawahi kumfaa mtu.

Nani huyo anacheka? Kaoge ulale.