Lenzi Ndefu ya Yusto

Ndugu zangu, kabla hatujasoma Neno la leo, hebu niwaambie habari za mpiga picha mmoja kule Makambako. Tumwite Yusto.

Yusto alianza na kamera ndogo, ile ya mtu anayejifunza. Lenzi yake ilikuwa fupi, haivuti mbali, kwa hiyo ili sura ya mtu itoke vizuri ilimbidi amsogelee karibu kumkanyaga. Basi akawa mtu wa watu. Anainama kwa bibi, anamuuliza mguu unaendeleaje. Anamtania bwana harusi mpaka woga unamtoka. Picha zake ukizikuza zilikuwa na chengachenga, lakini waliomo ndani walikuwa wanacheka kweli.

Lakini moyo wa binadamu mnaujua. Alipoona mashine za wenzake wa mjini, akaanza kuionea haya ya kwake. Akajinyima miaka miwili, akaiuza ile ndogo, akanunua kubwa yenye lenzi ndefu. Sasa angeweza kusimama mlangoni mwa ukumbi akahesabu kope za mtu aliyeketi meza ya mbele. Je, ni dhambi kununua kamera nzuri? Hasha. Nisikilizeni.

Kazi yake kubwa ya kwanza na kamera ile ilikuwa harusi ya mdogo wake wa kike. Asubuhi, kabla ya kwenda kanisani, baba yao, mzee mjane, alimwita.

"Yusto, mwanangu, leo ukae karibu nami kidogo. Sijisikii vizuri."

"Baba, leo nina kazi. Na siku hizi wala sihitaji kuja karibu. Popote utakapokuwa, nakuona."

Mzee akatabasamu. "Haya, baba. Kama unaniona, sawa."

Na kweli alimwona. Ukumbini Yusto alijibanza kona ya nyuma, akavuta lenzi, akampiga baba yake picha moja baada ya nyingine. Mara mzee akanyanyua mkono. Yusto akafurahi: leo baba anajua kupozi! Akabonyeza, kisha akageukia keki.

Baada ya chakula mzee alisema amechoka, jirani akamrudisha nyumbani. Yusto aliporudi jioni alimkuta kitini, ametulia. Alikuwa ameshakwenda.

Wiki moja baada ya mazishi, mdogo wake akaja. "Kaka, nitolee picha moja ya baba ya siku ile. Nataka niwe nayo kwangu."

Yusto akafungua kompyuta. Zilikuwa kumi na moja, safi, kila mvi inaonekana. Akazikuza, na hapo ndipo alipojua alichokuwa amekipiga. Katika moja mzee ameshika ukingo wa meza, vidole vimekakamaa. Katika nyingine mkono uko kifuani, uso umelowa jasho. Halafu ikaja ile ya mkono ulionyanyuliwa. Haikuwa salamu. Macho yalikuwa yanatazama moja kwa moja ndani ya lenzi, midomo imefunguka katikati ya jina.

"Alikuwa anakuita," mdogo wake akasema taratibu.

"Nilimwona," Yusto akajibu. "Nilimwona, nikabonyeza."

Ndugu zangu, mnamhurumia Yusto? Mimi namwogopa, maana nafanana naye. Sisi sote siku hizi tunaona mbali. Tunamwona mama kijijini kwenye simu, tunaona kabisa kwamba amekonda, tunamwambia pole mama, tunakata. Tunamwona jirani anapita ameinamisha kichwa, tunasema huyu ana jambo, tunafunga geti. Siku ya kuulizwa tutasemaje? Kwamba hatukujua? Tulijua. Picha tunazo.

Yuko mtu aliyekunyanyulia mkono wiki hii, nawe ukamwona. Ibada ikiisha, usipange foleni mlangoni kunisalimia mimi. Nenda kwake, ukakae naye karibu.