Mkia wa Mstari

Kidole kimoja hakivunji chawa. Wengi wetu huitamka methali hii tukiwa tumekunja mikono, tukingoja mwenzetu alete kidole chake. Mzee Goulven alikuwa wa aina nyingine: yeye hakutaka kidole cha mtu.

Kwa miaka mingi aliimba katika ngoma za Jumapili za vijiji vyetu vya milimani, Bretania, magharibi mwa Ufaransa, yeye na mdogo wake Lom, bila zumari wala kinanda. Goulven alitanguliza mstari. Kabla hajaumaliza, Lom aliudaka mkia wake, wakaumalizia pamoja, kisha Lom akaurudia peke yake huku kaka yake akivuta pumzi. Wimbo haukuwa na mwanya hata wa kupitisha sindano, na wachezaji walioshikana mikono walizunguka ukumbi bila kusita. Goulven alikuwa ameweka nadhiri iliyojulikana kijiji kizima: siku mnyororo wa wachezaji utakapokatika yeye akiimba, hatapanda jukwaani tena.

Majira ya baridi, Lom alifariki. Ilipofika sikukuu ya kanisa, waandalizi walimpanga Goulven jukwaa moja na kundi la vijana wa magitaa ya umeme. Mwimbaji wao, Azenor, alijitolea kumwitikia. Wakajaribu jikoni nyuma ya ukumbi, mbele ya wanawake waliokuwa wakikaanga chapati nyembamba za siagi. Binti alikuwa na sauti nzuri, ila alikuwa amelelewa vyema kupita kiasi. Kila mstari alimngoja mzee amalize, ndipo aanze.

"Binti, ukingoja nimalize, utanikuta nimeshakufa," Goulven alimwambia.

"Naona vibaya kukukatiza, mzee."

"Basi kaimbe na magitaa yako. Hayo hayaishiwi pumzi."

Wanawake waliangua kicheko, naye Azenor akatoka uso umemwiva. Walipomuuliza mzee nani basi atamwitikia, alijibu kwamba atajiitikia mwenyewe.

Vijana walipiga kwanza, watu wakacheza mpaka wakalowa jasho. Kisha Goulven akapanda peke yake. Mkono wake wa kushoto, uliozoea kukaa begani kwa Lom, ulining'inia tu. Mistari ya mwanzo ilikwenda vizuri. Baadaye kila alipovuta pumzi, ukimya uliingia katikati, na miguu ya wachezaji ikabaki hewani isijue itue wapi. Mama mmoja alimkanyaga jirani yake. Mikono ilianza kulegea. Goulven aliyaona yote hayo kutoka jukwaani, akaharakisha mstari uliofuata, maana aliijua nadhiri yake kuliko mtu yeyote.

Azenor alikuwa ndani ya mnyororo huo huo. Mzee alipofikia silabi za mwisho za mstari, safari hii binti hakungoja. Alimdakia maneno mdomoni, kwa sauti kubwa, bila kipaza sauti, kama mtu asiye na adabu hata chembe. Mstari ukashonwa kwenye mstari. Miguu ikatua, mikono ikakaza. Goulven alivuta pumzi ndefu ambayo hakuwa ameivuta tangu mazishi. Machozi yalimtoka, wala hakujisumbua kuyafuta.

Alinyoosha mkono wa kushoto, huku akiendelea kuimba. Azenor akajichomoa kwenye mnyororo, walio kando yake wakaunganisha mikono, naye akapanda jukwaani huku akiitikia. Mkono wa mzee ukapata bega.

Wimbo ulipokwisha, Goulven alimgeukia.

"Kumbe kukosa adabu unajua."

"Nimefundishwa jikoni, mzee."

Watu waliomba wimbo mwingine. Azenor alirudi nyuma hatua moja ampishe mzee atangulize, kama kawaida, lakini Goulven akatikisa kichwa.

"Huu tanguliza wewe," alisema. "Mimi nitakukatiza."

Binti akatanguliza, na kabla hajaumaliza mstari, mzee akaudaka mkia wake. Kweli, kidole kimoja hakivunji chawa.