Sinia la Baraza na Pilau ya Harusi

Hebu fumbeni macho kidogo, wasikilizaji wangu, mwone ukumbi wa marumaru katika mji wa Kaharabu, enzi za Sultani Shahabu bin Nuradini, na ndani yake, mbele ya kiti alichokalia Sultani huyo, wameketi wajumbe wa baraza, waliochaguliwa na mitaa yote ili watunge sheria, na mbele yao limewekwa sinia la shaba, pana kama mlango. Ndani ya sinia hilo alifungwa jini aitwaye Shamhuri, aliyeamriwa tangu zamani kuwaletea wajumbe ujira wowote watakaojipitishia kwa kunyanyua mikono.

Mwanzoni walijipitishia mikate na asali. Kisha kanzu za hariri, kisha farasi, kisha mtu wa kuwapepea farasi. Hakuna aliyeuliza vitu hivyo vinatoka wapi, maana walidhani majini wana ghala lao.

Miongoni mwao alikuwamo Badru, mfumaji wa vilemba, mjumbe wa mtaa wa wafumaji. Siku hiyo ilikuwa ya harusi yake. Alikuwa anamuoa Lulua, binti wa Bi Mwanashee, mpishi wa karamu aliyesifika mji mzima, na kilichobaki kilikuwa kikao kimoja tu cha asubuhi.

"Waheshimiwa," akasema Mzee Fakihi, mwenye mashamba ya mitende, "sheria ya visima itasubiri. Njaa inauma. Napendekeza pilau, tena iliyo bora kuliko zote zilizopikwa leo mjini."

Mikono ikanyanyuka, na wa Badru ukiwamo, kwani mawazo yake yalikuwa kwa bibi harusi. Moshi ukafuka, na sinia likajaa pilau iliyonukia hadi barabarani. Wengine wakingali wananawa, Badru akatia tonge kinywani, akahisi anaijua ladha ile. Akatazama katikati ya wali, akaona kifundo cha bizari kilichofungwa kwa kitambaa cha rangi ya zafarani, kitambaa alichokifuma kwa mikono yake mwenyewe akampa mkwewe. Akalisukumia tonge shavuni.

Mlango ukafunguka, na Bi Mwanashee akaingia na upawa mkononi.

"Asalaam aleikum, waheshimiwa. Wageni wangu wako mikekani, na sufuria yangu imebaki tupu inanitazama. Nimefuata harufu." Akamgeukia Badru. "Na wewe, mkwe wangu, mbona shavu limevimba? Jino?"

"Hapana, mama," akajibu Badru kwa taabu.

"Basi meza kwanza. Simwozi binti yangu kwa mtu anayekula karamu ya harusi yake kabla ya wageni, tena bila kujua. Tengenezeni jambo hili kabla ya alasiri, la sivyo wageni watakwenda zao na Lulua atabaki kwangu."

Hapo jini Shamhuri akainuka kutoka kwenye sinia, akajifuta macho. "Mimi jini, silimi mpunga. Miaka yote nimechukua palipo na kitu. Mikate ya waokaji, farasi wa wachukuzi. Hakuna aliyeniuliza."

Wajumbe wakainamisha vichwa. Mzee Fakihi akasema, "Basi ujira ufutwe. Tutumikie bure." Na wengi wakaitikia, kwa kuwa wengi walikuwa na mashamba.

Badru aliona njia ya harusi yake imefunguka. Angenyamaza tu, pilau ingerudi. Lakini alifikiria mtaa wake, akasimama.

"Mzee wangu, wewe ukikaa hapa, tende zako zinaendelea kuiva. Mimi nikikaa hapa, kitanda changu cha kufumia kimelala. Ujira ukifutwa, watabaki humu wenye mitende peke yao, na watatunga sheria za vitambaa wasivyojua vinafumwaje."

"Alaa," akasema Bi Mwanashee, "kumbe una ulimi."

"Sasa tufanyeje?" akauliza Sultani. "Mkijipangia mnapora, na mkifuta mnamfungia maskini mlango."

Badru akautazama upawa. "Maulana, jikoni kwa mama huyu kuna desturi. Anayepakua hali chakula cha sufuria anayoipakua. Yeye hungoja sufuria ya pili, ipakuliwe na mwingine, na kwa hiyo mkono wake hauelemei upande wowote. Nasi tufanye hivyo. Ujira wa mjumbe upangwe na watu wasio na kiti humu na wasiokitafuta, waokaji, wachukuzi, walimu. Waangalie kazi anayoiacha ili atutumikie, kisha watangaze sokoni atapata nini na kinatoka wapi. Na watakachopanga kianze kwa baraza lijalo, si kwetu sisi."

"Na farasi wangu?" akauliza Mzee Fakihi.

"Mrudishe kwa mchukuzi," akasema Sultani, "na yule anayempepea umwache akapumzike."

Ukumbi ukaangua kicheko, mikono yote ikanyanyuka, na papo hapo jini akairudisha pilau sufuriani, ingali moto, imepungua tonge moja tu.

Kabla ya alasiri Badru alioa, na Sultani mwenyewe akakaa mkekani na wageni. Bi Mwanashee alipofika kwa bwana harusi akampita. "Wewe umeshakula," akasema, na Lulua akacheka hadi machozi, akamgawia mumewe nusu ya sahani yake. Miaka ikapita, sheria za Kaharabu zikatungwa na wenye mitende na wafumaji pamoja, mji ukatajirika, na Badru akapata wafumaji wengi chini yake. Shamhuri, aliyefunguliwa kwenye sinia, aliomba kazi ya kupakua harusini, na haikusikika kamwe kwamba alionja.

Nanyi wanangu, mkiyasahau majina yote haya, si neno. Nawaomba mkumbuke hili moja tu: siku mtakapopewa upawa, ulizeni kwanza sufuria ni ya nani.