Gudibai ya Semwali

Hapo zamani, katika milima ya Ukaguru, neno gudibai lilikuwa na uzito. Mwalimu mmoja wa misheni, mama wa Kizungu, aliwaeleza watu kwamba wazee wa kwao waliagana kwa dua: Mungu awe nawe. Vizazi vikaitumia dua ile mpaka ikalika, kama mpini wa jembe unavyolika mkononi, likabaki neno moja fupi. Siku hizi tunalitamka kwenye simu huku tunakoroga uji. Watu wale wa Ukaguru hawakulitamka ovyo. Msafiri alisindikizwa hadi mtoni, akashikwa mkono, akaambiwa gudibai. Na aliyekwisha kulisema aligeuka akarudi nyumbani.

Semwali alipokwenda vitani, watatu walimsindikiza: Perusi mama yake, Damari shangazi yake, na Loisi mdogo wake, aliyekuwa bado mtoto.

Perusi alikuwa na hasira, maana mwanawe alijiandikisha kwa hiari. Hata hivyo alimshika mkono, akasema gudibai, akageuka. Loisi akalirukia neno kama wimbo: "Gudibai! Gudibai!" Damari hakusema kitu. Alijitwika mzigo wa Semwali, akavuka naye mto. Alijua akilisema tu, itambidi arudi. Akatembea naye hadi stesheni, neno liko mdomoni. Treni ikaondoka, neno bado liko mdomoni.

Miaka ikapita. Vijana wengi wa milima ile hawakurudi. Semwali alirudi, akaoa, akapata binti. Siku ya kumtoa mtoto nje, mbele ya ndugu na majirani, akatangaza:

"Ambaye gudibai yake ndiyo iliyonirudisha, mwanangu atachukua jina lake."

Damari akajipenyeza mbele. Hakujaliwa mtoto. Siku atakayokufa, hapatakuwa na wa kuitwa Damari tena mlimani pale.

"Jina ni langu," alisema Perusi. "Hasira nilikuwa nayo, lakini dua ni dua. Niliitamka nikijua maana yake, na mahali pake. Wewe wifi ulibeba mzigo tu. Hata punda hubeba."

Watu wakacheka.

"Punda aliyefika stesheni, wifi," alijibu Damari. "Wewe ulimwacha mtoni ukawahi maharage yako jikoni. Mimi sijamuaga mpaka leo. Na asiyeagwa hajaondoka. Ndiyo maana ilimbidi arudi."

"Loo! Kumbe siku hizi dua ni kufumba mdomo?"

Loisi, sasa msichana mkubwa, akasogea mbele.

"Mama, shangazi, mnisamehe. Mimi sikujua kama ni dua. Nilidhani ni wimbo. Lakini niliuimba kila asubuhi nikifagia uani, nikiitazama njia aliyopita kaka, mpaka siku aliyotokea. Nyinyi wakati huo mlikuwa kimya."

Hakuna aliyecheka tena. Semwali akampokea mtoto kutoka kwa mkewe, akawatazama wale watatu mmoja baada ya mwingine. Watu wakangoja.

Basi nanyi mliosikia, amueni. Mmoja aliomba akijua, kwa moyo wenye hasira. Mmoja alipenda, asiombe. Mmoja aliomba, asijue kama anaomba. Je, mtoto aitwe nani?