Lango la Lubindo na Watu Wasio na Viatu

"Akimbiaye moto haulizwi viatu!" Bibi Nyanjige aliirushia redio maneno hayo kana kwamba mtangazaji angeyasikia. Habari zilikuwa zimesema kwamba nchi moja imewarudisha mpakani watu waliokimbia vita, kwa kuwa hawakuwa na hati za kusafiria. Wajukuu waliokuwa wakipukuchua mahindi pamoja naye wakatazamana, na mmoja akamuuliza maneno hayo ameyatoa wapi.

Bibi akaizima redio.

"Methali hii ilianza kwa hasira," akasema, "na mtu akiisema bila hasira, bado hajaijua. Ilianza hivi."

Hapo kale palikuwa na nchi iitwayo Isenda, nchi ya wakulima wa mtama. Vita viliiingia asubuhi, watu wakiwa mashambani. Kalunde, mjane aliyeishi na mama mkwe wake, aliuona moshi akatupa jembe na kukimbilia nyumbani. Paa lilikuwa limeshashika moto. Ndani alikuwamo Mama Wande, mama mkwe huyo, ambaye miguu yake ilikuwa imekufa ganzi kwa miaka mingi. Kalunde alimburura hadi uani, akamfunga mgongoni kwa kaniki kama mtoto mchanga, akaondoka. Hakuchukua kingine chochote. Nani angesimama kutafuta viatu huku boriti zinamwangukia?

Alijiunga na wenzake waliosalimika, wakashika njia ya Lubindo, nchi jirani yenye neema. Walikwenda na matumaini. Zamani za njaa kuu, watu wa Lubindo walikuwa wamekimbilia Isenda, wakalishwa mpaka mvua ziliporudi kwao, na hakuna aliyewauliza kitu. Jema kama hilo, Kalunde alijisemea njiani, halisahauliki.

Kumbe husahaulika. Walipofika langoni waliikuta sheria mpya, iliyotungwa siku ile ile Lubindo iliposikia habari za vita: haingii mtu asiyevaa viatu vya ngozi.

"Sheria ni ya wote," alisema Mahugija, mkuu wa lango, kwa sauti ya upole kabisa. "Haimtaji mtu wa Isenda hata mmoja. Asiye na viatu arudi akavilete."

"Arudi wapi, baba?" Kalunde akauliza.

"Alikotoka."

"Kule kunaungua."

"Basi mngevivaa kabla hakujaungua."

Waliketi juani nje ya lango. Upepo uliwaletea harufu ya mtama wa mwaka juzi uliokuwa ukioza katika maghala ya Lubindo kwa kukosa mlaji. Watoto walilia kwa njaa mpaka wakachoka kulia.

Alasiri akatokea mfanyabiashara mmoja aitwaye Shilungu, na wapagazi wake nyuma. Watu wa Isenda walimtambua mara moja. Ndiye aliyewauzia mikuki wale waliowachomea nyumba. Alikuwa amevaa viatu vipya, vya ngozi nyororo. Mahugija alivitazama, akainama, akamfungulia lango.

"Karibu, mzee. Pole na safari."

Hasira zilimpanda Kalunde, na hakujaribu kuzizuia. Aliinuka na Mama Wande mgongoni, akamwendea mkuu wa lango mpaka wakakaribiana pua kwa pua. Akainua mguu mmoja, akamwonyesha unyayo uliobabuka, mwekundu kama nyama.

"Tazama! Hivi ndivyo viatu nilivyokuja navyo."

"Mama, usinipigie kelele. Mimi nafuata sheria."

"Sheria gani inayomkaribisha aliyeuza moto na kuwafukuza waliounguzwa? Wewe ulizaliwa na mwanamke, au ulichongwa pamoja na hili lango? Akimbiaye moto haulizwi viatu!"

Watu waliokuwa wamelala vumbini wakasimama. Mmoja akayarudia maneno yale, na wa pili, na wa tatu, mpaka uwanja mzima ukawa unayapaza, na wafanyabiashara waliokuwa wakipita wakasimama kusikiliza. Mahugija akaona haya. Lakini aibu yake haikumfunza kitu. Aliita walinzi wenye fimbo, wakawafukuza.

Wakaenda Kiluwa, nchi nyingine jirani. Huko hapakuwa na sheria ya viatu. Palikuwa na msimamizi wa mashamba aliyewapapasa watu mabega, kama mtu anayechagua ng'ombe mnadani.

"Wewe ingia, tunahitaji mikono," alimwambia Kalunde. "Huyo ajuza mwache hapo."

"Niache, mkamwana wangu," Mama Wande akanong'ona. "Ingia ukale."

"Mama, sikukutoa motoni ili nije kukutupa juani."

Akakataa kuingia. Njaa na jua vikamshinda Mama Wande, akafia pale pale mpakani, mbele ya mashamba mabichi ya Kiluwa. Kalunde akaomba amzike upande wa pili, penye kivuli. Msimamizi akasema hapana.

"Hata maiti?" Kalunde akauliza. "Maiti atakula nini chenu?"

Msimamizi akarudi mashambani. Kalunde na wenzake wakachimba kaburi kwa mikono, katika ardhi ngumu.

Mwisho walifika Ichenga, nchi ya mawe, ambako wenyeji wenyewe walikula mara moja kwa siku. Huko nako wanaume walinung'unika, wakamuuliza mtawala wao, mwanamke aliyeitwa Mtemi Mbula, wageni hawa watalishwa nini.

"Chakula kama mlichokula leo, kesho mtagawana nao," akajibu. "Leteni maji ya kuwanawisha miguu."

Walipomwosha miguu, Kalunde akalia. Tangu Isenda hakuwa amelia.

Bibi Nyanjige akachukua hindi jingine, akaendelea kupukuchua.

"Lubindo wakafungua lango?" mjukuu akauliza.

"Hawakufungua. Sitawadanganya. Walipiga marufuku maneno ya Kalunde, na atakayeyatamka achapwe viboko. Lakini wafanyabiashara walikuwa wameshayabeba kwenda masokoni, na neno lililokatazwa halina wa kulishika. Watoto wa Lubindo wakawa wanawauliza wazazi wao maana yake, na wazazi wanageuza nyuso."

"Na yule Shilungu wa mikuki?"

"Alikula akashiba, akazeeka vizuri. Naye Kalunde aliishi Ichenga, na kila alipofika mkimbizi, yeye ndiye aliyetangulia kuinjika chungu. Watu walimuuliza kama amewasamehe watu wa Lubindo. Akasema hapana, na sioni kwa nini angewasamehe."

Akawatazama wajukuu wake mmoja mmoja.

"Siku moja mtakuwa wakubwa, na baadhi yenu mtapewa lango la kulinda. Mtaambiwa sheria ni sheria. Kumbukeni unyayo wa Kalunde, mjue la kusema: akimbiaye moto haulizwi viatu."