Digidigi na Watoto Waliosimama Motoni

Paukwa!

Pakawa!

Nyie mliokaa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni, wadogo kwa wakubwa.

Hapo zamani za kale, wanyama wa mbugani walikuwa na shule. Mwalimu alikuwa Nyati. Somo lilikuwa moja tu: moto. Kanga akilia keche-keche-keche, mtoto akimbilie mtoni. Basi.

Kiangazi kimoja moto mdogo ukawaka upande wa kilimani. Kanga akalia, keche-keche-keche! Watoto hawakukimbia. Walisimama. Walisimama kama visiki, tuli! Mtoto wa Ngiri akaungua mgongo. Bahati upepo ukageuka, wengine wakapona.

Twiga, mwenyekiti wa kamati ya shule, akamwita Digidigi.

"Bi Digidigi, wewe una masikio ya kusikiliza. Nenda shuleni, utuambie kwa nini watoto wetu hawakimbii. Fanya upesi. Nyasi zimekauka."

Digidigi alikuwa mdogo, tena mwoga. Tangu siku hiyo moyo wake ukawa du-du-du, du-du-du. Kila upepo ukivuma alidhani ananusa moshi.

Akaanza kuwauliza watoto mmoja mmoja. Akamwita mtoto wa Swala.

"Shikamoo, Bi Digidigi."

"Marahaba. Umefundishwa kukimbia?"

"Nimefundishwa."

"Mbona hukukimbia?"

"Sijui."

Akamwita mtoto wa Pundamilia. Sijui. Mtoto wa Sungura. Sijui. Sijui, sijui, sijui, mpaka jua likakaribia kuzama.

Kesho yake akawakusanya wote pamoja. Nyati naye akaja. Akasimama katikati, puani fuu! fuu!

"Semeni! Mnafundishwa vizuri au hamfundishwi?"

"Tunafundishwa, mwalimu!"

"Umesikia, Bi Digidigi?"

Digidigi alisikia. Alisikia pia magoti ya watoto yakigongana.

Akawaza. Mtoto akiwa peke yake, ananiogopa mimi. Wakiwa wote, wanamwogopa Nyati. Nikiwaweka wachache wachache, wanaofahamiana, je? Lakini Nyati asiwepo. Nani atamwambia? Ni mimi. Ee mama yangu, ni mimi!

Akaenda kwa Nyati.

"Mwalimu, naomba kukaa na watoto nyuma ya kichuguu. Sita leo, sita kesho, sita keshokutwa. Naomba usiwepo."

"Nisiwepo? Katika shule yangu?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Haya, kaa nao," akasema Nyati. Kisha akaondoka, kwato puu, puu, puu.

Digidigi akaketi chini na watoto sita, kwenye duara. "Hapa hakuna jibu baya," akasema. "Nitawaambia wakubwa maneno yenu. Nani kasema nini, sitawaambia. Nanyi msitajane nje. Haya, siku ile ya moto ilikuwaje?"

Watoto watano wakamkodolea macho mmoja. Ndipo Digidigi alipokumbuka: yule wa sita ni ndama wa Nyati! Nimekosea, akajisemea. Nimeharibu kila kitu. Huyu atakwenda kumwambia baba yake.

Ndama akainamisha kichwa.

"Mimi nilitaka kukimbia," akasema polepole. "Nikangoja ruhusa."

"Ruhusa ya nani?"

"Ya baba. Darasani ukisogea kabla hajasema, anakupiga pembe."

"Na mimi!" akadakia mtoto wa Swala. "Nilipigwa hapa, ubavuni."

"Mimi nilimtafuta mwalimu kwa macho," akasema mtoto wa Pundamilia. "Sikumwona. Nikabaki."

"Na mimi nilibaki!"

"Na mimi!"

Neno la huyu likamtoa neno yule. Digidigi hakuwakatiza. Aliyekuwa kimya, akamgeukia: "Na wewe je?" Kikundi cha pili kikasema hayo hayo. Cha tatu, hayo hayo.

Kamati ikakaa. Digidigi akasimama mbele yao, du-du-du.

"Watoto wanajua kukimbia. Lakini wamefundishwa zaidi kutosogea. Wanaogopa pembe kuliko moto."

Nyati akaruka. "Nani kasema? Mtoto wa nani huyo?"

"Nimeahidi, mwalimu."

"Nitajie jina!"

Pembe zilikuwa karibu na pua yake. Digidigi akafumba macho. Jina lilikuwa ulimini, na lilikuwa jina la mtoto wa huyu huyu aliyekuwa akimpumulia usoni.

"Sikutajii, mwalimu. Nipige, lakini sikutajii."

"Basi ni uongo! Kanga, lia! Tuone!"

Kanga akalia, keche-keche-keche! Watoto walikuwa uwanjani wakicheza. Wakasimama tuli. Wote wakageuza shingo, wakazitazama pembe za Nyati. Ndama wake pia. Alikuwa anatetemeka, macho yamemtoka, anangoja.

Nyati akamtazama ndama wake. Akakaa chini kwa uzito, puu.

"Hata wangu," akasema.

Tangu siku hiyo hakumpiga mtoto pembe. Aliyekimbia kabla ya kuambiwa, akamsifu. Siku ya kwanza Kanga alipolia, watoto walisogea hatua mbili, wakasimama. Siku ya pili, hatua kumi. Digidigi akanusa upepo, akahesabu siku, akaogopa hazitatosha.

Siku ya tisa moto ukaja. Moto mkubwa, vuuuu! Keche-keche-keche! Watoto wakachomoka, tifu-tifu-tifu, mpaka mtoni. Digidigi akawahesabu. Kumi na sita. Kumi na saba. Kumi na nane. Wote!

Aliyefika wa kwanza alikuwa ndama wa Nyati. Alimpita baba yake njiani, wala hakumtazama. Nyati alimwona akipita, akalia machozi ya furaha. Nani alisema nyuma ya kichuguu, mpaka leo hajaambiwa.

Basi, wanangu, na nyie wazazi, na nyie walimu: ukitaka kujua mtoto amejifunza nini, muulize akiwa na wenzake, na anayemwogopa asiwepo. Akikupa neno lake, lifikishe. Jina lake, lifiche.

Ngano yangu naitua hapa hapa.