Bado Haijapata Joto

Hadithi naiwasha!
— Iwashe, tumeshapanda!
Nikanyage?
— Bado, haijapata joto!

"Baba Kokoto, ama uliondoe hilo gari, ama ulizime!"

"Bado, Mama Kokoto. Haijapata joto."

"Haijapata joto! Juzi haijapata joto, jana haijapata joto. Unataka iive? Nikuwekee na sufuria juu ya boneti?"

"Kidogo tu."

"Pilipili hoho zangu zinanyauka, wateja wanaondoka, na wewe umekaa humo unaimba!"

Ndivyo walivyogombana kila asubuhi Bi Pimbi na mumewe, juu ya jabali lao. Mke kasimama kando ya pikapu, mikono kiunoni. Mume kakaa ndani ya pikapu, anaimba. Na pikapu inanguruma taratibu, ngrrr, ngrrr.

Mnamjua pimbi, yule mnyama mdogo wa mawe asiye na mkia. Asubuhi hafanyi lolote kabla hajalala juani, tumbo chini, mpaka damu ichangamke. Basi Bwana Pimbi aliamini kwamba gari nalo lina damu.

"Pikapu yetu ina turbo," alikuwa akimwambia mkewe. "Turbo ni kigurudumu kidogo kinachozunguka kwa kasi kuliko upepo wa kisulisuli, na kinywaji chake ni oili. Asubuhi oili ni nzito kama uji uliolala. Ukiikimbiza turbo saa hiyo, inakimbia na koo kavu, inasagika. Washa, iache ingurume kidogo. Kisha tembea polepole mpaka mshale wa joto ufike katikati. Hapo kanyaga utakavyo."

"Na hoho zikinyauka, nikauze mshale?" Bi Pimbi alikuwa akijibu. Lakini alipanda, wakaenda, na jioni wakarudi salama.

Chini bondeni aliishi Fisi. Fisi alikuwa na gari kubwa jeusi, lenye turbo kubwa mara mbili ya ile ya pikapu. Yeye hakusubiri chochote. Asubuhi ilikuwa chwa! Vruuum! Mguu wote kwenye pedeli, kana kwamba dunia nzima imegawiwa nyama na yeye peke yake amechelewa.

Sasa siku moja, kabla ugomvi wa asubuhi haujaisha, Fisi akapanda hadi kwenye jabali.

"Hamjambo, majirani? Jabali zuri hili. Jua zuri. Nimeamua kufungua hapa banda la nyama choma."

"Hapa ni kwetu," alisema Bi Pimbi. "Watoto wangu watano wamezaliwa kwenye ufa ule pale."

"Palikuwa kwenu. Lakini nisionekane mkorofi, tushindane. Jumamosi alfajiri, gari langu na hicho kikopo chenu vitoke darajani kuja huku juu. Atakayetangulia, jabali ni lake. Kama hamtaki mashindano, nitatumia meno. Chagueni." Akacheka, hii-hii-hiii, akaondoka. Chwa! Vruuum!

Bi Pimbi aliketi chini.

"Umesikia?" aliuliza mumewe.

"Nimesikia ufedhuli."

"Siyo huo. Turbo yake. Mwezi uliopita ilikuwa inapiga mluzi, fiii. Leo inalia, kwiii. Imechoka kukimbizwa na koo kavu. Imebakiza mbio moja ya baridi, Mama Kokoto. Moja tu."

"Basi tumeshinda! Si hapashi injini hata siku moja?"

"Jumamosi atatuona sisi tunapasha, naye ataiga. Na akipasha, hatumpati. Injini yake ni kubwa mno."

Bi Pimbi aliwatazama watoto wake. Walikuwa wamelala safu moja juani, tumbo chini, Kokoto mkubwa mwanzoni na mdogo wao mwishoni.

"Baba Kokoto," alisema, "tutamwambia ukweli."

"Ukweli gani?"

"Wote. Ila tutaufanya unuke uongo. Na kwa kugombana, sisi nani atatushinda?"

Ikafika Jumamosi. Pale darajani kulikuwa na ukungu na baridi ya kung'ata masikio. Fisi, kama kawaida yake, alikuwa amejibanza nyuma ya pikapu, sikio limesimama, anasikiliza ya watu. Bi Pimbi aliliona lile sikio. Akaanza kunong'ona, mnong'ono wa kusikika ng'ambo ya mto.

"Nenda kamwambie, Baba Kokoto!"

"Siendi, Mama Kokoto. Naona haya."

"Haya ya nini? Kamwambie apashe injini! Akikaa pale anangoja mshale, sisi tutakuwa kona ya tatu!"

"Na akigundua?"

"Agundue na nini? Kichwa chote kile kimejaa mifupa!"

Fisi akarudi kwenye gari lake kwa kunyata, anajichekea. Bwana Pimbi akamfuata, akainama kwa adabu.

"Shikamoo, Bwana Fisi."

"Marahaba, kadogo."

"Nakuomba kwa ujirani wetu, pasha injini kwanza. Nenda polepole mpaka mshale ufike katikati. Ukiikurupusha turbo na baridi hii, itakufa njiani."

"Na nyinyi?"

"Sisi tutapasha."

"Pasheni! Pasheni mpaka jioni!" Fisi alicheka hadi udenda ukamdondoka. "Mimi ni wa kuchezewa na kinyama kisicho na mkia?"

Mbuni, aliyekuwa mwamuzi, akainua bawa. Akalishusha.

Chwa! Vruuuum! Fisi huyo, hata vumbi lake halikubaki nyuma.

Chwa. Ngrrr, ngrrr. Pikapu ikatulia palepale, Bwana Pimbi anaimba.

"Twende!" alisema Bi Pimbi.

"Bado."

Kisha wakaondoka, polepole, kama waliobeba mayai. Kona ya kwanza, Fisi haonekani. Hila ilikuwa ya Bi Pimbi mwenyewe, lakini aliitunga juani, tumbo limeshiba. Hapa aliona barabara tupu tu.

"Kanyaga, Baba Kokoto!"

"Bado, haijapata joto."

"Watoto watalala wapi?"

Wimbo wa mumewe ukakatika. Bi Pimbi akageuka kumgombeza, akaona ameing'ang'ania gia kama anayening'inia jabalini. Kumbe naye anaogopa! Anaogopa, na bado anasubiri. Bi Pimbi alikuwa ameshanyoosha mguu aukanyage ule wa mumewe. Akaurudisha. Akauweka mkono wake juu ya ule wa mumewe, akautazama mshale.

Kona ya pili, mshale ukasogea.

"Sasa?"

"Bado."

Kona ya tatu, mshale ukafika katikati, na aliyepiga kelele alikuwa Bi Pimbi. "Sasa! Limeamka! Kanyaga!"

Fiiiiii! Pikapu ikapanda mlima kama imeitwa na mama yake. Kona ya nne, kona ya tano. Mbele yao wakasikia kwiii, kwiii, kata-kata-kata, pwaa! Moshi wa buluu ukatanda barabarani. Na ndani ya moshi, gari kubwa jeusi linatambaa kama jongoo, Fisi kaning'inia kwenye usukani, anakanyaga, anakanyaga.

"Kimbia! Kimbia, wewe!"

Bi Pimbi akatoa kichwa dirishani. "Tulikwambia, Bwana Fisi!"

Juu ya jabali watoto wote watano walikuwa wanarukaruka. Pikapu ikasimama, na Bi Pimbi, kwa mazoea tu, akasema, "Zima gari!" Kisha akajishika mdomo. "Hapana. Liache lipumzike kwanza."

Bwana Pimbi alimtazama mkewe kama siku ile ya kwanza alipomkuta anaota jua.

Hadithi naizima!
— Iache ipoe kwanza!

Haya, wakati inapoa, chukueni funzo. Asubuhi ukiamka usingoje kitu: rukia garini, kanyaga mpaka mwisho. Jirani akikwambia ukweli, mcheke. Na mke na mume wanaopendana hawagombani hata siku moja, hasa kuhusu gari.

Imepoa?
— Imepoa!

Basi, asubuhi iliyofuata, Fisi alipanda mlima kwa miguu, anahema, turbo iliyokufa kaibana kwapani. Alikuwa anatetemeka kwa baridi mpaka meno yanagongana. Akagonga mlango, ngo, ngo, ngo.

"Hodi, Mama Kokoto. Samahani kwa yote. Mzee yupo? Nataka anifundishe."

Bi Pimbi akafungua mlango, akamtazama toka juu hadi chini.

"Yuko garini, anapasha injini," alisema. "Kaa hapo juani, Bwana Fisi, nawe upate joto kwanza."